KUTU HAIFICHWI KWA RANGI



Katika kurasa zetu hizi tumezoea kusoma khabari za kuotesha miche, za kupalilia, za kuchuma bila ya kuvunja matawi, na za kuanika karafuu hata zikauka sawasawa. Khabari hizo ni njema wala sina neno juu yake. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya kitu ambacho kila mwenye shamba hukitegemea na wachache hukitazama, nacho ni chuma cha gari linalochukua karafuu zetu kutoka shamba mpaka kituoni.

Rai yangu naisema mapema, ili asiyeikubali ajue anapingana na nini. Nasema kwamba fedha nyingi tunazowapa mafundi ili watupulizie dawa nyeusi chini ya magari yetu ni fedha za bure, kwa sababu dawa ile hupulizwa juu ya kutu. Kupuliza ni kazi ya saa moja. Kukitayarisha chuma kabla ya kupuliza ni kazi ya siku mbili au tatu, na hiyo ndiyo kazi ipasayo kulipiwa. Tena nasema kwamba chama chetu chaweza kusaidia katika jambo hili, nami nitaeleza kwa namna gani.

Haya nimejifunza kwa hasara. Nina gari dogo la mizigo, kuukuu, nalilipenda kwa kuwa lilinifaa sana. Mwaka mmoja nililipeleka gereji, nikalipa, nikarudishiwa gari ambalo chini yake ni jeusi tii, linang'aa. Nikafurahi. Hata msimu uliofuata, tukiteremka kilima na magunia tisa ya karafuu kavu, na vijana wawili wamekaa juu ya magunia, nikasikia mlio kama wa ubao unaovunjika. Kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimeng'oka katika chesisi. Gari likalala upande mmoja, likaburura, likaja kusimama ukingoni mwa mtaro. Kwa rehema ya Mungu hapana aliyeumia. Magunia mawili yalipasuka, tukaokota karafuu mpaka magharibi.

Nilipoingia chini kutazama, nikaona ile dawa nyeusi imesimama nzima kama ganda la yai, na ndani yake hamna chuma, ila magamba ya kutu niliyoyavunja kwa vidole. Fundi hakunidanganya. Nilimwambia apulize, naye akapuliza. Mimi ndiye niliyenunua kifuniko nikidhani nimenunua dawa. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua, na kilio changu kilikuwa karibu sana siku ile.

Sasa, kwa nini kutu huendelea kula chini ya rangi? Chuma huota kutu kinapokutana na maji na hewa pamoja. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, kwani huvuta unyevu wa hewa na kuuweka juu ya chuma hata siku isiyokuwa na mvua. Nasi wa visiwani tumezungukwa na chumvi. Upepo wa bahari huileta mpaka mashambani, magari yetu huvushwa kwa meli, na wako wenzetu ambao hupita na gari pwani maji yakipwa. Kutu yenyewe ina vitundu vidogo vidogo, hunywa maji na chumvi kama sponji, tena hutaka nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila. Ndiyo sababu twaona rangi inavimba na kubanduka. Rangi hushika kile ilichopakwa. Ukiipaka juu ya kutu, imeshika kutu, na kutu haikushika chuma.

Basi nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu wake, ili mwanachama ajue anachokilipia, au akifanye mwenyewe.

Kwanza ni kuosha. Gari lioshwe chini kwa maji matamu mengi na sabuni, khasa ndani ya madigadi na juu ya chesisi, mahali ambapo udongo hujazana ukakaa mbichi mwaka mzima. Visima vingine vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha kwa maji hayo umeongeza ugonjwa. Kuosha huja kabla ya kusugua, kwani ukianza kusugua chuma chenye oili na chumvi, brashi itavisukuma vitu hivyo ndani ya chuma. Grisi iliyobaki ipanguswe kwa thina na kitambaa safi, na kitambaa kibadilishwe mara kwa mara, ama sivyo utakuwa unahamisha grisi kutoka hapa kwenda pale. Petroli isitumiwe. Wengi wameungua kwa kuidharau.

Pili ni kupiga nyundo. Gari liinuliwe, likae juu ya magogo au vigingi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe mawe. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kisha chukua nyundo ndogo ugonge chesisi pole pole kutoka mwanzo hata mwisho. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi huingia ndani yake. Kila mahali palipokufa patiwe alama ya chaki. Mahali hapo hapana dawa ya kupuliza duniani itakayopaponya. Patakatwa na kuchomewa chuma kipya na fundi anayejua, na kuchomea kutangulie kupaka, kwa sababu moto huunguza rangi. Kabla ya kuchomea, betri ifunguliwe. Na mabomba ya breki yakionekana yameliwa, yasisuguliwe wala yasipakwe: yabadilishwe.

Tatu ni kuondoa kutu. Magamba mazito yaondolewe kwa patasi na kikwaruzo, kisha brashi ya waya, kisha msasa. Hapa pana hila moja ambayo huwadanganya hata mafundi. Brashi ya waya inayozungushwa kwa umeme yaweza kuing'arisha kutu badala ya kuiondoa. Kutu huwa nyeusi, laini, inametameta, na mtu hudhani amefika kwenye chuma. Basi baada ya brashi hiyo ufuate msasa mkali, namba 80, kisha namba 120, mpaka uone rangi ya kijivu ya chuma chenyewe. Kingo za rangi ya zamani zisuguliwe ziwe nyembamba, zisibaki kama ngazi, kwani maji huanzia kwenye ngazi.

Msidhani kwamba mimi ndiye niliyezidisha ukali. Wahandisi wa meli na madaraja wana kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 8501-1, nacho hupima usafi wa chuma kwa kukitazama kwa macho kabla ya rangi kupakwa. Usafi wa kusugua kwa vyombo vya mkono au vya umeme wameugawa daraja mbili, St 2 na St 3. Usafi wa kupigwa kwa mchanga una daraja zake, na ile itakiwayo mara nyingi kwa kazi ngumu huitwa Sa 2½. Watu hawa hutia rangi za ghali sana katika vyuma vinavyokaa baharini, na bado huanza kwa kuuliza swali lile lile: chuma kimesafishwa kiasi gani?

Juu ya kupiga mchanga nina onyo. Nimesikia mtu akisema kwamba mchanga wa pwani ni wa bure, kwa nini tusiupige kwa kompresa? Mchanga wa pwani una chumvi, na utaipigilia chumvi hiyo ndani ya chuma. Na mchanga wa aina nyingine, wenye silika, vumbi lake huingia katika mapafu na kuleta maradhi ya silikosisi yasiyokuwa na dawa ya kuyaponya. Kazi hiyo ina vifaa vyake na mchanga wake maalumu. Hata katika kusugua kwa mkono, mtu avae miwani na kifuniko cha pua na mdomo, na watoto wawe mbali, kwa kuwa rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, khasa kwa watoto.

Nne ni vitundu. Baada ya kusugua sana, bado kutu nyembamba hubaki ndani ya vitundu vya chuma. Hapo ndipo pa kutumia dawa ya kugeuza kutu, ambayo nyingine hutengenezwa kwa asidi ya fosforiki na nyingine kwa tanini. Dawa hizi huigeuza kutu nyembamba ikawa kitu kigumu kinachokubali rangi. Lakini si uchawi. Ukizipaka juu ya magamba, zitageuza sehemu ya juu tu na chini kutaendelea kuliwa. Na maagizo ya kopo yasomwe, kwani nyingine hutaka kuoshwa baadaye na nyingine hazitaki.

Vyuma vidogo, kama vishikio na vipande vya bodi, vyaweza kulazwa katika siki usiku mmoja, kisha visuguliwe, vioshwe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, vikaushwe mara moja na kupakwa saa ile ile. Chuma kilichotoka kwenye siki huota kutu mpya mbele ya macho yako. Vyuma vilivyochovywa zinki visilazwe humo, kwani siki hula zinki. Na springi, na bolti ngumu zinazobeba uzito, visitiwe katika asidi yo yote, kwa sababu chuma kigumu cha namna hiyo chaweza kuwa dhaifu kikavunjika ghafula.

Tano ni saa na hewa. Katika visiwa vyetu chuma huloa umande usioonekana. Kanuni ya wenye kazi hii ni kwamba chuma kiwe na joto la nyuzi 3 za sentigredi au zaidi juu ya kiwango ambacho umande hutua, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Asiyekuwa na vipimo afanye hivi: apanguse kipande cha chuma kwa kitambaa kibichi, na unyevu ule usipokauka kwa robo saa, aache kazi angoje. Mimi hufuata saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi ya alasiri, wala sipulizi siku iliyonyesha mvua. Miezi mizuri ni Januari na Februari, katika kiangazi cha kaskazi. Anayengoja masika, au anayengoja karafuu ziive ndipo akumbuke gari, amechelewa.

Sita ndipo tunafika kwenye kupuliza, nanyi mwaona tumetoka mbali. Praima ya kuzuia kutu ipakwe siku ile ile chuma kilipokuwa wazi, kisilale usiku. Kingo, vichwa vya bolti na mistari ya kuchomea vipakwe kwanza kwa brashi ya mkono, kwani dawa ya kupuliza hukimbia kwenye kingo ikabaki nyembamba, na hapo ndipo kutu huanza. Kisha upulize kwa umbali wa sentimita 25 mpaka 30, mkono ukienda bila ya kusimama, mara mbili nyembamba, wala si mara moja nzito. Baina ya mara ya kwanza na ya pili ungoje muda ulioandikwa kwenye kopo. Breki, bomba la moshi, mipira na shafti vifunikwe visipate dawa. Namba iliyopigwa katika chesisi isizikwe. Na matundu ya kutolea maji yabaki wazi, kwani tundu likizibwa chesisi hugeuka mtungi. Makopo ya kupuliza hushika moto upesi, basi sigara na jiko viwe mbali. Na zile rangi za kuchanganya na dawa ya kugandisha, yenye isosayaneti, tuziache kwa mwenye vifaa kamili vya kupumulia. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii sumu yake, nayo huleta pumu.

Juu ya dawa ya mwisho, ile nyeusi ngumu ya lami ni nzuri juu ya chuma kilichotayarishwa vyema, lakini ikipigwa na kokoto hupasuka, maji huingia katika ufa na hayatoki tena. Kwa gari kuukuu mimi napendelea ile laini ya namna ya nta, ambayo hutakiwa kuongezwa kila mwaka, lakini haimfichi adui. Na ndani ya chesisi, mahali ambapo msasa haufiki, nta ipulizwe kwa bomba refu.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema kwamba baba zetu walipaka oili chafu na magari yao yaliishi. Ni kweli kwamba oili huzuia maji kwa muda. Lakini oili chafu hudondoka barazani na shambani, huingia katika visima, hulainisha mipira ya gari ikaharibika, na harufu yake hupanda kwenye magunia. Karafuu ni mali ya harufu. Tumeingoja miti miaka sita na zaidi ianze kuzaa, tumechuma, tumechambua, tumeanika, kisha tuipeleke kituoni inanuka gereji? Kwa sababu hiyo hiyo hata dawa njema isipulizwe karibu na majamvi ya kuanikia, na gari lililopulizwa lisipakie mpaka harufu imekwisha kabisa.

Wa pili atasema kwamba hana siku tatu wala fedha za kulipia siku tatu. Namjibu kwamba asifanye gari zima. Afanye vishikio vya springi mwaka huu, na madigadi mwaka ujao. Kipande kimoja kilichotayarishwa kwa haki kinafaa kuliko gari zima lililopakwa weusi. Na ikiwa hana hata hicho, basi aoshe chini ya gari kwa maji matamu kila akitoka melini au pwani, kazi isiyokuwa na gharama ila jasho.

Wa tatu atasema kwamba fedha za chama ni za mikarafuu. Huyu namheshimu, lakini nitamkumbusha jambo. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, wala hapana aliyekuwa na uwezo wa kuizuia. Hasara ile ilitoka kwa Mwenyezi Mungu. Hasara ya gunia lililomwagika mtaroni kwa sababu ya chuma tulichokiona kinaoza tukakifunika, hiyo haikutoka mbinguni. Na kijana aliyekaa juu ya gunia hilo ni mtoto wa mwanachama.

Kwa hiyo naleta mambo matatu mbele ya mkutano mkuu.

La kwanza, chama kinunue kompresa moja, pampu moja ya kuoshea, brashi, misasa, miwani na vifuniko vya pua, viwekwe mahali pamoja, na mwanachama avitumie kwa ada ndogo itakayotosha kuvitengeneza vikiharibika.

La pili, kabla ya kila msimu iwekwe siku moja ambayo magari yote yatakayobeba karafuu za wanachama, yakiwa yetu au ya kukodi, yatagongwa nyundo na fundi tutakayemchagua wenyewe. Gari lililokufa sauti lisibebe watu.

La tatu halihitaji kura wala fedha. Kila mmoja wetu, akimpelekea fundi gari lake apulizwe dawa, amwambie maneno haya: “Ukishasafisha, niite nije nione chuma, kabla hujapuliza.” Fundi mwema hatachukia, kwa kuwa siku hiyo ndiyo atakayolipwa kwa kazi yake ya kweli. Na asiyetaka kuitwa shahidi wa chuma kilicho wazi, tumeshajua anataka kutuuzia nini.

Mimi sasa hulala chini ya gari langu kila mwezi, na taa mkononi na nyundo ndogo. Majirani hucheka. Lakini msimu uliopita magunia yangu yote yalifika kituoni, na vijana wangu walirudi kwa miguu yao wenyewe, wakiimba.

Wasalaam,
Mwanachama mwenzenu.